Shilingi ya Kenya, ya Uganda au ya kwetu: pesa ya dagaa uiweke katika fedha ipi?

Umeuza dagaa wako Isebania, ng'ambo ya Sirari, umerudi Mwanza na basi la usiku, na pochi imejaa noti za Kenya. Au umetoka Kampala na zako ni za Uganda. Mbalamwezi imeanza, mitumbwi imevutwa nchi kavu, na hutanunua mzigo mwingine pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mpaka giza lirudi. Je, uzichenji leo, au ukae nazo?

Nawaandikia wachuuzi kadhaa wa samaki vitabu vya hesabu, na swali hili hunifikia karibu kila mbalamwezi. Majibu ya sokoni nayajua kwa moyo: "Ya Kenya ina nguvu, itunze. Ya Uganda ni makaratasi, itoe haraka." Nimekaa na viwango vya miaka mingi nikavilinganisha, na naweza kusema kwamba kauli hizo mbili zilikuwa sahihi kwa wazazi wetu kuliko zilivyo sahihi kwetu. Historia ya viwango hujibu tofauti kulingana na unavyoirudisha nyuma. Ukiuliza miaka sitini inakupa jibu moja, miaka kumi na mitano jibu jingine, na miaka mitano jibu la tatu.

Tunapima kwa nini

Kila fedha nimeitazama kwa mambo manne. La kwanza ni historia ndefu, yaani thamani imepungua kiasi gani tangu mwanzo. La pili ni mtikisiko wa karibuni: kati ya siku nzuri na siku mbaya kuna umbali gani? Hili ndilo linalomuumiza mwenye mtaji mdogo, kwa sababu hachagui siku ya kuhitaji pesa. La tatu ni gharama ya kuchenji, na la nne ni mtu inayemfaa.

Viwango ninavyotaja ni vya katikati, yaani kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, kwa makadirio, vilivyopatikana kwa kupitia dola. Dirishani utapewa pungufu ya hapo.

Zilipozaliwa zilikuwa sawa

Kabla ya 1966 swali hili halikuwepo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, ilitoa shilingi moja kwa nchi zote. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa yake: Tanzania Juni, Uganda Agosti, Kenya Septemba. Shilingi moja ya Dar es Salaam ilikuwa shilingi moja ya Nairobi na shilingi moja ya Kampala, na dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 kotekote. Hata Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, zote tatu zilibaki pale pale.

Sasa tazama katikati ya 2025. Dola ilikuwa karibu 129 Nairobi, karibu 2,600 Dar es Salaam na karibu 3,600 Kampala. Wengi huishia hapo na kusema ya Uganda na yetu zinakaribiana. Lakini Mei 1987 Uganda ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na aliyebadilisha akakatwa asilimia 30 juu yake. Kwa hiyo zile 3,600 ni 360,000 kwa shilingi ya 1966. Ukigawanya kwa 7.14 unapata hivi: dola imepanda mara 18 kwa shilingi ya Kenya, mara 360 na ushee kwa yetu, na zaidi ya mara 50,000 kwa ya Uganda. Hapo ndipo kauli ya "makaratasi" ilipotoka, na wazee walioisema walikuwa wameyaona kwa macho yao.

Shilingi ya Kenya

*Historia ndefu.* Kwa miaka yote sitini, hakuna katika hizi tatu iliyoshika thamani kama ya Kenya. Mwaka 1990 shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani ya shilingi 8 hivi za kwetu. Mwaka 2000 ilikuwa 10 na nusu, 2010 karibu 18, na 2019 ilikuwa zaidi ya 22. Aliyekuwa akiweka ya Kenya katika miaka hiyo alifaidika bila kufanya lolote, na imani ya sokoni ilijengwa hapo, mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo haikuwa safari rahisi. Kati ya mwisho wa 1992 na mwisho wa 1993, Kenya ilipokuwa ikiacha sarafu yake huru, bei yake ipangwe na soko, bei ya dola Nairobi ilikaribia kuwa mara mbili. Oktoba 2011 dola ilipita 100, kisha kabla ya mwaka kuisha ikarudi chini ya 90. Shilingi ya Kenya ina tabia ya kutulia kwa muda mrefu, halafu ikaruka kwa kishindo.

*Mtikisiko wa karibuni.* Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa kwetu walipoumia.

Mwanzoni mwa 2020 shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 22.8 za kwetu. Kisha ikaanza kuteremka pole pole: karibu 21 mwanzoni mwa 2021, 20 na kitu mwaka uliofuata, chini ya 19 mwanzoni mwa 2023. Mwaka 2023 mteremko ukawa mkali. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la hatifungani ya kimataifa (hati ya serikali kukopa kwa wawekezaji wa nje) lililopaswa kulipwa Juni 2024, na kila mtu alijiuliza zitatoka wapi. Mwenye dola alizikalia. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika 160 Nairobi, na shilingi ya Kenya ikawa kama 15.6 za kwetu.

Kuna mama mmoja ninayemwandikia hesabu aliyekuwa ameweka shilingi 300,000 za Kenya tangu ule mwanzo wa 2020. Wakati anaziweka zilikuwa kama milioni 6.8 za kwetu. Januari 2024 injini ya mtumbwi wake ilikufa na hakuwa na akiba nyingine. Alipata milioni 4.6 na kidogo. Milioni mbili zilikuwa zimeyeyuka ndani ya sanduku, bila mwizi wala moto. Februari hiyo hiyo Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 mpya ili kulipa sehemu ya deni la zamani, hofu ikapoa, na shilingi yao ikapanda kwa kasi iliyowashangaza hata wabadilishaji wa mpakani. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa 129, na Oktoba 2024 shilingi ya Kenya ilirudi kwenye 21 za kwetu. Mama yule angeweza kusubiri miezi tisa tu, angepata milioni 6.3. Lakini injini haikuweza kusubiri, na mimi sikuwa nimemwonya. Tangu siku hiyo sisemi tena neno "nguvu" bila kuuliza kwanza pesa inatakiwa lini.

Kati ya 2020 na 2024, basi, umbali kati ya siku mbaya kabisa na siku nzuri kabisa ulikuwa zaidi ya asilimia 40.

*Gharama ya kuchenji.* Hapa ya Kenya inapendeza. Ndiyo fedha ya jirani inayozunguka zaidi kanda yetu, kuanzia Sirari na Tarime mpaka mjini Mwanza. Wanunuzi wakiwa wengi, pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza huwa dogo. Mpakani pengo hilo ni dogo zaidi kuliko mjini, ila mpakani ndipo penye noti bandia na mikono myepesi. Mimi nahesabu mara mbili, dirishani, si barabarani. Kutuma kwa simu kutoka Kenya kuja Tanzania ni rahisi pia, lakini soma kiwango kabla ya kukubali. Ada inaweza kuandikwa ndogo wakati makato yenyewe yamefichwa ndani ya kiwango.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayerudi Kenya kila giza kununua nyavu, vipuri au bidhaa za duka, maana pesa yake haigeuki hata kidogo: inatoka Kenya na kurudi Kenya. Inamfaa pia mwenye akiba ya miaka mingi ambayo hataigusa hata mambo yakiharibika.

Shilingi ya Uganda

*Historia ndefu.* Nimeshaitaja, na ni ya kusikitisha. Miaka ya Idi Amin biashara yenyewe ilipewa jina la magendo. Mwaka 1981 sarafu ilipoachwa huru, bei ya dola iliruka kutoka shilingi 7 na kitu hadi sabini na kitu. Ikafuata ile kubadilisha fedha ya 1987. Aliyekuwa na akiba ya shilingi za Uganda kutoka 1966 mpaka mwisho wa miaka ya themanini hakubaki na kitu.

*Mtikisiko wa karibuni.* Hapa ndipo nilipolazimika kurudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Chukua noti ya 1,000 ya Uganda. Mwaka 2010 ilikuwa na thamani ya 650 hivi za kwetu. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa karibu 625. Mwanzoni mwa 2023, karibu 630. Januari 2024, wakati ya Kenya inazama, ilikuwa 660. Ilipanda hadi karibu 740 Oktoba 2024, ikarudi 650 hivi Desemba. Ilipata misukosuko yake 2011, wakati mfumuko wa bei Uganda ulipofika asilimia 30, na tena 2015; nyakati zote mbili ilishuka mpaka karibu 580. Lakini ndiyo hiyo tu: kati ya 580 hivi na 740 hivi kwa miaka kumi na mitano. Kuanzia 2020 peke yake, umbali wa siku mbaya na siku nzuri ulikuwa asilimia 20 na kitu, kama nusu ya ule wa Kenya.

Sababu zipo. Tangu Julai 2011 Benki Kuu ya Uganda inaongoza uchumi kwa riba yake, na imekuwa tayari kuipandisha juu sana bei zikianza kukimbia. Kahawa nayo imewaletea dola nyingi, hasa bei ilipopaa duniani 2024 na 2025. Kuna sababu nyingine ambayo haiwahusu wao peke yao: fedha zao na zetu huelekea kuchoka na kupumzika pamoja mbele ya dola, kwa hiyo zikitazamana zenyewe kwa zenyewe huonekana zimesimama.

*Gharama ya kuchenji.* Huu ndio udhaifu wake kwetu. Mpakani Mutukula na mjini Bukoba utaichenji bila shida. Mwanza mjini wanaoitaka ni wachache, na pengo huwa pana. Ukiipitisha kwa dola, unakatwa mara mbili: ukinunua dola na ukiuza dola. Utulivu wa miezi mitatu unaweza kumezwa na dirisha moja baya. Chenji kabla hujaondoka Mutukula, au tafuta mtu anayekwenda Kampala mbadilishane kwa kiwango cha katikati, nyote mtafaidika.

*Inamfaa nani.* Anayefanya biashara ya Kampala au Masaka kwa mfululizo, na mzazi mwenye mtoto anayesoma Uganda, ambaye karo inamsubiri kila muhula. Asiye na safari ya upande ule hana sababu ya kuiweka Mwanza.

Kurudisha mara moja kwenye shilingi yetu

*Historia ndefu.* Yetu iko katikati. Miaka ya sabini na mwanzo wa themanini kiwango rasmi kilikuwa cha karatasi tu. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 na haukufunguliwa mpaka 1983, na bei halisi ya pesa ilijulikana ziwani usiku, kwenye mitumbwi ya magendo. Juni 1984 serikali ilishusha thamani, dola ikawa shilingi 17; Juni 1986 ikawa 40. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ndiyo iliyofungua maduka ya kubadilishia fedha. Kwa hiyo ukiona jedwali la viwango vya 1979 au 1982, usilisome kama bei ambayo babu yako angeipata.

*Mtikisiko wa karibuni.* Kwa anayenunua na kuuza hapa hapa, mtikisiko wa dola humfikia polepole tu, kupitia bei ya mafuta na vipuri. Mfumuko wa bei umekuwa asilimia 3 na kitu miaka hii ya karibuni. Dola ilitusumbua 2015, ikatusumbua tena 2023 na 2024 ilipoadimika hata benki. Oktoba 2024 ilipita 2,700. Kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Mwaka 2025 mwendo ukawa ule ule: yetu dhaifu nusu ya kwanza ya mwaka, ikapata nguvu kadiri watalii walivyokuja na mazao yalivyouzwa nje. Mwenye noti za Kenya aangalie sana jambo hili. Kati ya Oktoba na Desemba 2024 shilingi ya Kenya haikutikisika mbele ya dola, ilikaa 129, lakini kwetu ilianguka kutoka 21 hadi chini ya 19. Iliyopanda ilikuwa yetu.

*Gharama ya kuchenji.* Unachenji mara moja, basi. Tangu operesheni za 2018 na 2019, maduka mengi ya kubadilishia fedha yalipofungwa, kazi kubwa hufanywa na benki, na benki hazifanani: pita mbili au tatu za Barabara ya Kenyatta kabla ya kutoa pochi. Ukisharudisha, pesa inaweza kufanya kazi, iwe akaunti ya muda maalumu au hatifungani za serikali, ambazo huanzia shilingi milioni moja. Noti za Kenya chini ya godoro hazizai. Hili wengi husahau kulihesabu wanapolinganisha.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtaji mmoja tu, unaozunguka. Na kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, gunia lako la pale Mwaloni utalinunua kwa shilingi yetu upende usipende.

Ukienda kutazama viwango mwenyewe

Benki Kuu ya Tanzania huweka viwango vya kila siku, na unaweza kurudi nyuma kwa tarehe. Jihadhari na mwelekeo. Benki Kuu yetu huandika shilingi ngapi zetu kwa moja ya mwenzetu, kwa hiyo ya Uganda inaonekana kama sifuri nukta sita na kitu. Benki Kuu ya Kenya huandika shilingi ngapi za Tanzania au Uganda kwa moja ya Kenya. Nimeona mtu mzima akisherehekea "kupanda" ambako kulikuwa kushuka.

Usitumie wastani wa mwaka kuamua jambo la mwezi mmoja. Wastani wa 2024 hauonyeshi kabisa kile kilichompata yule mama Januari. Tazama siku mbaya kabisa ya miaka mitano iliyopita, kisha jiulize kama mtaji wako ungesimama siku hiyo.

Sasa chagua kwa hali yako

Pesa ikitakiwa giza lijalo, yaani ndani ya wiki mbili au tatu, rudisha kwenye shilingi yetu mara tu upatapo kiwango cha haki. Historia yote niliyoieleza haiwezi kukuambia wiki mbili zijazo zitakuwaje, na faida ya kusubiri ni ndogo kuliko hasara ya kukosa mzigo.

Ukiwa na matumizi ya uhakika Kenya au Uganda, tenga kiasi hicho hicho tu katika fedha ya huko, usizidishe kwa tamaa ya kupanda. Kiasi kilichozidi ni kamari, hata kama hukukusudia.

Kama ni akiba ya miaka mitano na kuendelea, historia ndefu inaipendelea ya Kenya kuliko ya Uganda, lakini ilinganishe na riba ambayo ungepata hapa, na usiweke yote. Anayetaka nyingi zaidi ya nusu katika fedha ya jirani, mimi humuuliza kwanza injini ikifa kesho atatoa wapi. Dola nayo ipo, na benki nyingi zitakufungulia akaunti yake kwa urahisi zaidi kuliko ya shilingi za jirani, ila makato ya kuingia na kutoka yanalipwa na wewe.

Kama mnunuzi wa ng'ambo anakuomba muda wa kulipa, fedha mtakayoiandika kwenye makubaliano ni muhimu kuliko bei yenyewe. Akiomba miezi mitatu kwa shilingi za Kenya, mtikisiko wote umeubeba wewe. Ikiwa hakubali kuandika kwa fedha nyingine, kubalianeni kiwango cha chini: kikishuka hapo, anaongeza. Andikeni na tarehe ya kiwango na benki iliyokitoa.

Na kwa mwenye karo Kampala: nunua shilingi za Uganda muhula kwa muhula, Mutukula au kwa msafiri unayemfahamu. Zikibaki baada ya karo, acha huko huko kwa mwenyeji wa mtoto mpaka muhula ujao, maana ukizileta Mwanza na kuzichenji, utazinunua tena kwa bei mbaya zaidi.